UZI: Akissi na tumbili wake Boubou, katuni za mtoto mtundu ninazomsomea binti yangu kila usiku

Mama wa Raskazone (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, leo nashusha uzi. Utakuwa mrefu, kwa hiyo mwenye chai yake aisogeze karibu.

Dada yangu anaishi Brussels. Mwezi uliopita alikuja Tanga likizo, na kwenye sanduku lake, kati ya chokoleti na viatu vya mwanangu, mlikuwa na vitabu viwili vya katuni vya Kifaransa. Binti yangu ana miaka saba na Kifaransa hakijui hata cha kuombea maji. Mimi nilikisomea chuoni, na riziki yangu mpaka leo ni kutafsiri nyaraka za watu. Basi usiku wa kwanza nikajilaza naye, nikafungua kitabu, nikaanza kumsomea papo kwa papo, jicho kwenye Kifaransa na mdomo kwenye Kiswahili. Tangu siku hiyo halali bila Akissi.

Kwa wasiomjua: Akissi ni mtoto wa kike wa Abidjan, Ivory Coast. Ana wazazi, ana kaka mkubwa anayeitwa Fofana ambaye hataki kumwona karibu na mpira, na ana tumbili mdogo anayeitwa Boubou. Visa ni vifupi, vya kurasa chache kila kimoja. Aliyeviandika ni Marguerite Abouet, aliyezaliwa Abidjan mwaka 1971 na kuhamia Ufaransa akiwa na miaka 12. Ni yuleyule wa Aya de Yopougon, katuni ya vijana na watu wazima iliyotoka 2005 na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya kitabu cha kwanza kwenye tamasha la katuni la Angoulême, Ufaransa. Visa vya Akissi amevichota kwenye utoto wake mwenyewe, na ukisoma utaona kabisa kwamba ugomvi ule wa dada na kaka hakuutunga mtu aliyekaa mezani akifikiria watoto huwa wanagombania nini. Mchoraji ni Mathieu Sapin, Mfaransa. Kitabu cha kwanza kilichapwa na Gallimard, Paris, mwaka 2010.

Jina lenyewe ni la siku. Wabaoulé wa Ivory Coast humpa mtoto jina kwa siku aliyozaliwa: wa kiume akiwa Kouassi, wa kike wa siku hiyohiyo ni Akissi. Nilipomweleza binti yangu hilo akaniambia, "Kumbe kama babu Juma." Ndivyo hasa.

Sasa kilichonishika. Sisi tumekulia hadithi za Sungura na Fisi. Sungura anasema, Fisi anajibu, Simba anatoa hukumu, na kila mtoto anajua kwamba wale ni binadamu ndani ya ngozi za wanyama. Nazipenda na nitaendelea kuzisimulia. Lakini Boubou hasemi. Ni tumbili, basi. Na paka wa mtaa wa Akissi ni paka, shida yao ni samaki aliyebebwa na Akissi, hawana neno la hekima la kumwachia. Mtoto anaishi nao kama wenzake, anawanunia, anawatetea, anawakimbia, na wao wanabaki wanyama vilevile. Hapo ndipo kicheko kinapotokea, na mimi sikuwa nimewahi kukiona kikifanywa hivyo kuhusu mtoto wa Kiafrika wa mjini.

Kile kisa cha paka kuvamia kwa ajili ya samaki tumekisoma labda mara kumi na tano. Mara ya kwanza binti alikaa wima kitandani: "Mama, hawa si wale wa Deep Sea!" Wenyeji wa Tanga mnajua. Pale Deep Sea, soko letu la samaki, chini ya meza za kuparia, paka wanajipanga kama wako kwenye foleni ya benki. Juzi nikamtuma vibua vinne kwa mama muuza samaki, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikasimama dirishani. Alikuwa anarudi amekumbatia mfuko kifuani kwa mikono miwili, kila hatua tatu anageuka nyuma, na kwenye kona ya ukuta akatanguliza kichwa kwanza kuchungulia. Paka mmoja tu alikuwepo, amelala juani, hana habari.

Naendelea, msiwe na haraka.

---

Mzee wa Ngamiani

Nimeweka kambi. Shusha mama, tupo.

---

Wino Mweusi

Dada umenikumbusha mbali. Sisi wa zamani tulisoma gazeti la katuni la Sani mpaka kurasa zinachanika: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe. Tulikuwa watoto lakini magazeti yale yalikuwa ya wakubwa, tulisoma kwa kujificha. Na Taifa Leo ya Kenya kulikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau. Sikumbuki hata siku moja mhusika mkuu awe mtoto wa kike. Madenge na mwalimu wake, sawa, mtundu wa kiume. Wa kike mtundu hakuwepo.

Swali: hayo maneno kwenye viputo unayageuzaje haraka hivyo? Kifaransa cha mtaani si kigumu?

---

Mama wa Raskazone (mleta uzi)

@Wino Mweusi asante kwa swali, hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote.

Nilikwama kwenye neno la kwanza kabisa. Kifaransa kina *singe*, neno moja linalowabeba wote. Kiswahili je? Tuna tumbili, kima, ngedere, mbega, nyani, na kila mmoja ana sura yake na tabia yake kichwani mwa mtu. Ukisema nyani, mtoto wa Tanga anaona lile jitu lenye pua ndefu linalokaa barabarani kule mbugani. Mbega ana nywele ndefu nyeupe mgongoni. Boubou ni kadogo, anabebeka, mkia mrefu. Binti ndiye aliyeamua: "Tumbili, mama. Ngedere ni mwizi." Nikamwambia hata tumbili ni mwizi. Akasema, "Ndiyo, lakini Boubou ni tumbili." Kesi imefungwa.

La pili ni sauti. Katuni inaishi kwa sauti, na hapa Kiswahili, jamani, kina ghala. Wafaransa kitu kikitumbukia majini wanaandika *plouf*. Na kikianguka mchangani? Na kikianguka kwenye matope? Sisi majini ni chubwi, mchangani tifu, topeni tapwi, sakafuni pa, na kitu kizito popote pale pu. Hii yote tulifundishwa darasani kwa jina la tanakali za sauti, tukakariri kwa ajili ya mtihani tukasahau. Nimekuja kuikumbuka nikiwa nimelala kitandani na katuni ya Abidjan. Sasa hivi nikifika kwenye picha mtu anaanguka, nanyamaza. Binti anaitazama ardhi iliyochorwa, anaamua mwenyewe kama ni tifu au pa. Siku moja alinisahihisha, nilisema pu, akaniambia angalia vumbi hilo mama, hiyo ni tifu. Alikuwa sahihi.

Na mchoro unanitangulia kila mara. Mimi bado natafuta neno, yeye keshaona kitu kidogo kwenye pembe ya picha, keshaanza kucheka, na ananikataza nisimwambie kinachokuja. Mtoto asiyejua herufi za lugha ile anakuwa mbele ya mama yake aliyesomea. Ile furaha yake ya kunitangulia sijawahi kuiona kwenye kitabu kingine chochote tulichosoma.

---

Ticha wa Msingi

Mama, nakupongeza kwa kumsomea mtoto, wazazi wengi hawafanyi. Lakini niseme kama mwalimu. Mtoto wa miaka saba anaiga. Kitabu chenye mtoto mkaidi kwa wazazi, mgomvi kwa kaka yake, na mwisho hakuna funzo lolote, kinamjenga vipi? Hadithi zetu zina maadili. Mwisho wa hadithi mtoto anajua jema na baya.

---

Mama wa Raskazone (mleta uzi)

Shikamoo mwalimu. Nimesoma maoni yako mara mbili kabla ya kujibu kwa sababu najua unasema kwa nia njema, na kwa sababu hata mimi nililifikiria.

Kwanza nikwambie nilichokiona. Binti yangu akifika mwisho wa hadithi kwenye kitabu cha shule anafunga kitabu haraka, kabla sijafika kwenye lile swali, "Hadithi hii inatufundisha nini?" Anajua jibu. Tuwe watiifu. Tusiwe wachoyo. Analijua jibu kabla ya hadithi kuanza, na kwa kuwa analijua, hadithi yenyewe haimsumbui kichwa. Kwa Akissi hakuna swali mwishoni, sasa anauliza yeye. Usiku mmoja aliuliza kwa nini Fofana hataki dada yake acheze mpira. Nikawa natafuta jibu la kiutu uzima. Binamu yake wa miaka kumi, aliyekuwa kitanda cha pili anajifanya amelala, akajibu gizani: "Kwa sababu anasumbua." Binti akasema hasumbui, anataka kucheza. Binamu akasema kucheza kwenyewe ndiko kusumbua. Walibishana mpaka nikazima taa, na hata baada ya taa.

Pili, mwalimu, Akissi haachiwi hivihivi. Akifanya la kipuuzi linamrudia palepale, mbele ya macho yetu, na mtoto anaona. Ila hakuna mtu mzima anayeingia ukurasa wa mwisho kutueleza tulichokiona. Naamini mtoto wa miaka saba anastahili kuaminiwa kiasi hicho.

Na tatu, naomba hili ulipokee kwa moyo mweupe. Nilipoona anavyovipenda vitabu hivi nilikwenda duka moja la vitabu nikaomba kitabu cha Kiswahili cha kumchekesha mtoto wa darasa la pili. Muuzaji alikuwa na heshima zake zote, akanitafuta kweli, akazunguka rafu mbili. Akarudi na mkusanyiko wa maswali ya mitihani, ule wenye majibu nyuma. Nikamwambia cha kucheka, dada. Akaniambia, "Cha kucheka tu?" Lile neno "tu" nimetembea nalo mpaka nyumbani. Mtoto wetu kucheka na kitabu tumekufanya kuwa kitu cha ziada, kama soda baada ya chakula. Mimi nadhani mtoto anayecheka na kitabu ndiye atakayekifungua tena kesho bila kutumwa, na hilo mwalimu wewe unalijua kuliko mimi.

---

Mzee wa Ngamiani

"Cha kucheka tu?" Duh.

---

Mwana wa Katanga

Jambo bandugu. Nawasoma kutoka Lubumbashi. Hapa Kifaransa ndicho cha shule, kwa hiyo katuni za Ulaya tumezisoma tangu utoto. Naomba niongeze kitu, maana mleta uzi amegusa kidonda bila kujua.

Katuni ya kwanza ya rafiki wa wanyama niliyoishika mkononi ilikuwa Tintin na mbwa wake Milou. Tena Tintin au Congo. Mchoraji wake Mbelgiji, Hergé, aliianza 1930 katika gazeti la watoto la Brussels, hajawahi kukanyaga Kongo. Sisi humo ndani tumechorwa midomo tu, tunasema Kifaransa cha kuvunjika, treni yetu inaangushwa na gari la Tintin. Na wanyama? Kuna ukurasa Tintin anampiga swala risasi, anadhani amemkosa, anapiga tena, na tena, akienda kuangalia ni lundo la maiti. Katika toleo la zamani kifaru analipuliwa kwa baruti. Ukurasa ule ulikusudiwa uchekeshe. Mkongo mmoja, Bienvenu Mbutu Mondondo, aliipeleka kesi mahakamani Brussels kuhusu kitabu hicho, na mwaka 2012 alishindwa.

Nilikisoma nikiwa na miaka minane, na ukweli ni kwamba nilicheka. Nilikuwa upande wa Tintin. Ningekuwa upande wa nani mwingine, wakati yeye peke yake ndiye aliyechorwa kama mtu? Nilipoona Akissi mara ya kwanza, mjomba mtu mzima, nilikaa nayo dukani nimesimama. Mtoto mweusi, mnyama wake yuko hai, mtaa una majirani, na ninacheka na mtu anayefanana na dada yangu. Huyo ndiye niliyemkosa nilipokuwa na miaka minane.

---

Mama wa Raskazone (mleta uzi)

@Mwana wa Katanga nimesoma hii nikiwa jikoni, nikaacha chungu. Asante sana kaka. Hilo la "nilikuwa upande wa Tintin" limeniingia.

---

Simba wa Kitaa

Uzi mkali. Mkuu tupia PDF basi tupakue wote.

---

Mama wa Raskazone (mleta uzi)

Ndugu yangu, PDF situpii, na usinichukie. Mwandishi yuko hai na anakula kwa vitabu hivi. Tena ndiye aliyeanzisha shirika la Des livres pour tous, linalofungua maktaba za watoto kwenye mitaa ya Abidjan, kwa hiyo siwezi kumpora mtu wa namna hiyo kisha nikalala. Kumsomea mwanangu kitandani kwa Kiswahili ni jambo moja. Kusambaza ni jambo jingine.

Anayesoma Kiingereza ana njia rahisi. Flying Eye Books ya London ilianza kuvitoa 2013, na 2018 wakakusanya visa vingi kwenye kitabu kimoja kinene, *Akissi: Tales of Mischief*. Michangeni hata watu watatu mnunue kimoja mzungushe. Cha Kiswahili ninachokitamani kitapatikana pale mchapishaji wa hapa atakapokwenda kuomba haki kwa Gallimard kwa barua rasmi. Mimi nipo tayari kutafsiri hata kesho asubuhi.

---

Wino Mweusi

Mbona kuna Akili? Si mtoto wa kike na wanyama wake, tena Kiswahili?

---

Mama wa Raskazone (mleta uzi)

Kweli kabisa, na nyumbani kwangu aliangaliwa sana binti alipokuwa na miaka minne. Kwa wasiojua: ni kazi ya Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam 2013. Akili ana miaka minne, anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na kila akilala anaingia Lala Land kwa marafiki zake, kuna kiboko, kuna simba mdogo, kuna komba. Wanajifunza herufi, namba, lugha. Naiheshimu sana.

Ila ni ya kwenye runinga. Kiswahili kinatuchanganya hapa, neno katuni linabeba zote mbili, inayotembea na iliyotulia kwenye karatasi. Inayotembea inakwenda kwa mwendo wake. Ya karatasi mtoto anaishika, anarudi nyuma, anaweka kidole juu ya paka anayemchukia. Na Akili yuko kazini, anafundisha. Ninachotafuta mimi ni mwenzake aliyetoka kazini.

Wenye ari ya kuandika, angalieni African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini. Hadithi za picha ziko bure mtandaoni, za Kiswahili ni nyingi, na mtu anaweza kutunga yake akaiweka. Si katuni za viputo lakini mlango upo wazi.

---

Mlinzi wa Meru

Niseme neno moja kabla watoto hawajaanza kuomba tumbili. Hapa Tanzania kuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Kumfuga tumbili nyumbani bila kibali ni kosa. Na mbali na sheria, tumbili mdogo anayeuzwa barabarani mara nyingi mama yake ameuawa kwanza. Akikua anauma. Nimewaona wengi waliofungwa kamba kiunoni mpaka imezama kwenye nyama. Kitabu kizuri, lakini wazazi mwaambieni watoto.

---

Mama wa Raskazone (mleta uzi)

Asante sana kaka, na nimeshukuru umelisema wewe unayewaona. Ombi lilikuja usiku wa tatu, kama ulivyobashiri. Nilimjibu kwamba mama yake Boubou wa kweli angelia. Hakuomba tena, lakini sasa kila tukifungua kitabu anauliza mama yake Boubou yuko wapi, na kitabu hakimjibu, na mimi pia sijampa jibu.

Kuna kisa Boubou anakaribia kuishia kwenye kikaango. Kwetu huku tumbili haliwi, kwa binti yangu ilikuwa sawa na kuambiwa paka wa jirani anapikwa. Nilipoona kinachokuja nilitaka kugeuza kurasa mbili kwa mpigo, mkono ukawa umeshashika. Nikaacha. Akauliza, "Wanakula tumbili?" Nikamwambia wapo watu wanaokula. Kimya jii. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na Boubou?" Nikampa kitabu nikamwambia fungua wewe. Alichukua muda kufungua. Alipoona ameokoka alicheka kwa nguvu mpaka binamu yake akaamka kweli safari hii.

Jana ameniletea daftari la hesabu nimpigie mistari ya visanduku, sita kwa ukurasa. Anachora yake. Mhusika ni yeye, na mnyama si tumbili, ni mbuzi wa jirani yetu, yule wa madoa anayefungwa kwenye mkorosho. Kisa ni kwamba mbuzi anakula daftari la shule siku ya kusahihishwa. Ametumia visanduku vinne vizima kwa mbuzi anatafuna tu, hakuna kingine kinachotokea, na nilipomuuliza kwa nini vinne akasema kwa sababu mbuzi hana haraka.

Kwenye kisanduku cha tano akakwama. "Mama, mbuzi akitafuna karatasi inaandikwaje?" Sikuwa na jibu, kwenye zile tanakali za shule haimo. Tukatoka nje na karatasi mbili, jua limeshaanza kuzama, tukachuchumaa chini ya mkorosho tukamlisha mbuzi na kusikiliza. Mimi nilisikia mcha-mcha. Yeye anasema ni kwachu-kwachu. Ameandika kwachu-kwachu kwa herufi kubwa, mpaka nje ya kisanduku.